Riwaya Ndefu za Fantasia: Uanze Kununua Ipi Ukiwa Mtwara au Lindi

Msomaji wa Mtwara, Masasi au Lindi anayetaka riwaya ndefu za fantasia, zile zenye falme, majeshi na juzuu zinazofuatana, mara nyingi hulazimika kuagiza Dar es Salaam na kusubiri mzigo uletwe na basi. Vitabu hivi ni vinene na bei yake si rahisi, na kwa wengi wetu fedha ya ziada huonekana msimu wa korosho tu. Ndiyo maana nimevipanga hapa kwa kuangalia wahusika na siasa, wala si majoka na uchawi, kwa sababu majoka utayapata karibu kila mahali, ilhali siasa ya kuaminika ni adimu.

Ninaangalia mambo mawili. La kwanza ni kwamba kila mwenye madaraka awe na sababu ambayo wewe mwenyewe ungeikubali lau ungezaliwa mahali pake. La pili ni kwamba utawala uwe na gharama inayoonekana, yaani tujue nani analipa askari, chakula cha mji kinatoka wapi, na nani anamdai mfalme. Sisi wa kusini tuna mfano wetu wa kupimia. Wareno walipoingia Kilwa Kisiwani mwaka 1505, mtawala wake Amiri Ibrahim, ambaye hakuwa wa ukoo wa kisultani, alikimbia, nao wakamtawaza Muhammad Ankoni. Mfalme huyo mpya aliomba kwamba baada yake atawale mtoto wa sultani wa zamani aliyepinduliwa, wala si wanawe mwenyewe. Je, ilikuwa ni uaminifu kwa ukoo ule, au ni hesabu ya mtu anayejua kwamba mji hautamkubali bila jina la ukoo huo? Riwaya inayoweza kumfanya msomaji ajiulize swali kama hilo juu ya mtu mmoja inastahili fedha yake.

Nafasi ya kwanza ninaipa The Farseer Trilogy ya Robin Hobb, yenye juzuu tatu zilizotoka kati ya 1995 na 1997. Msimulizi ni Fitz, mtoto wa nje ya ndoa wa mrithi wa ufalme, na kuzaliwa kwake peke yake kumemfanya baba yake ajiuzulu urithi. Mapema katika juzuu ya kwanza, mvulana huyu yuko ukumbini anakula mabaki ya karamu, mfalme Shrewd, babu yake, anapopita. Mfalme hamkumbatii. Anamweleza mwanawe Regal kwamba mtoto asiye na mwenyewe ni silaha ambayo mtu mwingine anaweza kuiokota, kisha anamgeukia mvulana na kumwahidi chakula, mavazi na elimu kwa malipo ya uaminifu wake. Anachomoa pini ya fedha yenye jiwe jekundu kutoka kwenye vazi lake na kuichomeka kwenye shati la mtoto. Sijasoma kwingine mkataba wa kisiasa ulioandikwa kwa ufupi na kwa uchungu namna hii, maana mtoto anaupokea kama upendo, na kwa kiasi fulani ni upendo kweli.

Siasa ya nje nayo haikuachwa. Maharamia wanaoshambulia pwani wanateka watu wa kijiji, wanadai dhahabu, na kutishia kwamba wasipolipwa watawarudisha mateka makwao. Baraza la mfalme haliwezi kuelewa tishio hilo lina maana gani, na kutoelewa huko kunagharimu. Wakati huohuo mikoa ya bara inanung'unika kulipa kodi ya kujenga meli kwa ajili ya pwani ambayo haiioni. Mkaaji wa mkoa wenye pwani na bara atayatambua malalamiko ya pande zote mbili. Kasoro yake ni kwamba juzuu ya tatu ina safari ndefu mno, lakini mfululizo umekamilika, nao una juzuu tatu tu.

Ya pili ni A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin, ambayo kwa siasa peke yake ingekuwa ya kwanza. Mfalme anadaiwa zaidi ya sarafu milioni sita za dhahabu, na sehemu kubwa ya deni hilo ni la ukoo wa mkewe. Kuanzia hapo kila amri ya ikulu inasomeka upya. Katika juzuu ya pili, njia ya nafaka kutoka kusini inafungwa na mji mkuu unashikwa na njaa hadi watu wanafanya ghasia kwa ajili ya mkate. Kila sura inaonwa kwa macho ya mhusika mmoja, na mbinu hiyo inafanya kazi yake kubwa katika juzuu ya tatu, pale Jaime Lannister, ambaye msomaji amemchukia kwa juzuu mbili nzima, anapopewa sura zake na hatimaye kueleza kwa nini alimuua mfalme aliyeapa kumlinda. Sababu hiyo siitaji hapa, kwa kuwa ni haki yako kuikuta mwenyewe. Kinachonizuia kuuweka juu ni kwamba mwandishi alipanga juzuu saba, na ya tano ilitoka mwaka 2011. Anayenunua akubali tangu mwanzo kwamba ananunua hadithi isiyo na mwisho, na kwamba ina ukatili mwingi usiofaa watoto.

Ya tatu ni The Dandelion Dynasty ya Ken Liu, juzuu nne, 2015 hadi 2022, imekamilika. Inatokea visiwani na imejengwa juu ya historia ya kale ya China. Uasi unaanza kwa vibarua wa kulazimishwa waliocheleweshwa na mvua, ambao wanajua adhabu ya kuchelewa ni kifo. Nchi ambayo Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya shuruti Julai 1905, mwanzo wa Vita vya Majimaji, haihitaji kufafanuliwa mantiki hiyo. Wahusika wake, hata hivyo, wanatazamwa kwa mbali, na juzuu ya kwanza inakwenda haraka kupita kiasi.

The Lord of the Rings ya Tolkien, ya 1954 na 1955, ninaiweka ya nne. Lugha yake ni nzuri kuliko zote, ila siasa si shabaha yake. The Wheel of Time, yenye juzuu kumi na nne na kitabu kimoja cha utangulizi, ni ya tano: Robert Jordan alifariki mwaka 2007 na Brandon Sanderson akaikamilisha mwaka 2013. Juzuu za katikati zinakokota mno kwa mtu anayelipia kila moja.

Hizo zote ni za Kiingereza. Anayetaka Kiswahili anunue Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Si mfululizo wala si hadithi ya vita, bali ni kesi ya Karama mbele ya mfalme, akishtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha sheria, katika nchi inayoelea angani. Ni nyembamba na bei yake ni nafuu, na kwa hoja za utawala haizidiwi na yoyote niliyoitaja.

Uagizapo, chukua juzuu ya kwanza peke yake hata kama seti nzima ina punguzo. Kwa kitabu cha mtumba, omba upigiwe picha ya kurasa za mwisho, kwa kuwa mara nyingi hung'oka, na mwambie muuzaji akifunge kwa nailoni ndani ya boksi. Anayesoma kwenye simu apakue kitabu kizima kabla ya kwenda kijijini, na asome sura za majaribio zinazotolewa bure kabla ya kulipa.