Ekzosi mpya kwenye XTZ 125: Bukavu haikudai kitu, Uvira ikadai jikleri

Wengi wanauliza kama ukibadilisha ekzosi (bomba la moshi) ni lazima kabureta nayo irekebishwe. Mimi nauliza kwanza unaendeshea wapi. Pikipiki yangu, Yamaha XTZ 125, huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, ilitembea vizuri bila kabureta kuguswa. Iliposhuka Uvira ndipo ikaanza kusumbua.

Nilinunua ekzosi ya kufunga nyuma tu; bomba la mbele linalotoka kwenye silinda lilibaki la kiwanda. Dola 40 pale Kadutu, haina jina la maana, chuma chepesi, ndani moshi unapita moja kwa moja na pembeni kuna pamba ya kupunguza kelele. Uchomeleaji si mbaya. Gasketi haikuja nayo, na muuzaji akasema haina kazi. Ina kazi sana! Kila nikiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko ilikuwa inapasua pa-pa-pa, na vijana wa kijiweni wakatoa hukumu: "Mafuta ni kidogo, weka jikleri kubwa!" (Jikleri ni kijitundu cha shaba ndani ya kabureta kinachopima petroli inayopita.) Fundi wangu hata kabureta hakuitazama. Alipitisha kiganja karibu na maungio, akahisi pumzi. "Kijana, hapa panavuja. Tuzibe hapa kwanza." Gasketi mpya, kibano kikakazwa, na ule mpasuko ukaisha karibu wote.

Ni kweli kwamba ekzosi iliyo wazi zaidi huifanya injini ipumue kwa urahisi, na jikleri ileile isipoongeza mafuta ya kutosha, hewa inazidi. Petroli huungua sawasawa kwenye gramu kama 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Lakini Bukavu tuko juu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia kama 15. Ndiyo maana, na bomba la kiwanda, plagi yangu ilikuwa inatoka na masizi meusi. Baada ya ekzosi mpya ikaanza kutoka na rangi ya chai ya maziwa, ndiyo inayotakiwa. Mafuta yaliyokuwa yanazidi kwa sababu ya mwinuko ndiyo hayo ambayo ekzosi ilikuja kuyatumia.

Sasa teremka mlima wa Ngomo kuelekea Uvira. Kuanzia Kamanyola joto linapanda na hewa inakuwa nzito, na Uvira iko kando ya Tanganyika, mita 773 tu. Kwenye uwanda wa Ruzizi nikashikilia mkono wa mafuta robo tatu. Pikipiki ikawa inavuta, inaacha, inavuta tena, na joto la injini nalisikia kwenye goti. Injini hii hupozwa na upepo tu, kwa hiyo sikubishana nayo. Karibu na Luvungi nikabana klachi na kuzima papo hapo, maana ukiiacha ingurume imesimama rangi ya plagi inadanganya. Nikafungua plagi: kauri nyeupe pee, yaani hewa imezidi.

Fundi wa Uvira aliweka jikleri kuu ya hatua moja juu na kulegeza kidogo skrubu ya mchanganyiko. Dola 6 pamoja na kifaa, na kazi safi. Kusitasita kukaisha. Niliporudi nayo Bukavu, kupanda Kadutu ikawa inakohoa, plagi ikarudi kuwa nyeusi, tangi likawa linaisha upesi. Jikleri ya kiwanda imerudi mahali pake. Ile nyingine iko kwenye kimfuko chini ya kiti pamoja na bisibisi bapa. Kuibadilisha si kazi kubwa, ila usikaze kwa hasira: shaba ni laini, uzi wake unakatika.

Kuhusu nguvu, msidanganywe na kelele. Injini ikizunguka kwa kasi inavuta kidogo zaidi, ikizunguka polepole imepoa. Nikiwa na abiria kwenye mlima nashusha gia mapema kuliko zamani. Uzito umepungua, hilo nalipenda. Kwa ajili ya mwendo nisingeinunua tena.

Wenye DT 125 au AG 100 wasifuate haya yangu ya "Bukavu haidai". Zile ni za mipigo miwili, si minne kama XTZ, na umbo la ekzosi ndilo linalorudisha mchanganyiko mbichi ndani ya silinda usitoroke na moshi. Petroli ikipungua, injini inapata joto kali, pistoni inashika. Huko jikleri na plagi vikaguliwe siku hiyohiyo ya kufunga, hata kama hutoki Nyawera.