Nikon P1000 kwenye ubishi wa dunia bapa: kamera nzuri, ila picha maarufu sio ndo ushahidi

Kama umewahi kupita kwenye video za watu wa dunia bapa, wale wanaosema dunia sio tufe, basi hii kamera unaijua hata kama hujawahi kuishika. Ilianza Nikon P900 mwaka 2015 na zumu yake ya mara 83, jamaa wakaipenda kufa, halafu 2018 ikaja P1000 yenye mara 125, yaani lenzi moja inatoka milimita 24 mpaka 3000 bila kubadilisha chochote. Mimi niliichukua kwa ajili ya ubishi huohuo ila nikiwa upande wa pili, kwahiyo hii rivyu sio ya picha za harusi wala za ndege, swali langu ni moja tu: ukiwa nayo mkononi unaweza kumuonyesha mtu umbo la dunia mpaka akakosa pa kutokea?

Unaweza. Ila sio kwa ile picha ambayo kila mtu anaikimbilia.

Tuanze na meli maana ndo hoja yao kubwa. Video inakuwa hivi, meli imeenda mbali hadi jicho halioni kitu, jamaa anavuta zumu, meli hiyo hapo imerudi, anasema mnaona? haikuzama popote, ilikuwa tu imekuwa ndogo. Na kweli ilikuwa imekuwa ndogo, hapo hajadanganya! Meli inaweza kukupotea machoni kabla hata haijafika kwenye upeo, yaani ule mstari ambapo maji yanakutana na mbingu, hivyo zumu ikiirudisha hujathibitisha chochote, sio bapa sio mviringo. Kazi inaanza ukiendelea kurekodi. Ukisimama ufukweni macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wako uko kama kilomita 5 tu, meli ikishavuka hapo inaanza kuliwa kuanzia chini, unaondoka ubavu, yanafuata makontena, mwisho unabaki na mlingoti na chumba cha nahodha vimekaa juu ya maji, na hapo hata ungekuwa na zumu ya mara elfu ile sehemu ya chini hairudi ng'o. P1000 inaionyesha hii vizuri mno. Video nyingi nilizoona za upande ule zinakatwa kabla ya hapo, sijui kwa nini, au tuseme najua.

Sasa upande wetu nao kuna watu wanachemka, lazima niseme. Wanachukua ile kanuni ya inchi 8 mara maili kwa maili, yaani umbali kwa maili unauzidisha wenyewe kwa wenyewe halafu mara inchi 8 kupata kiasi kinachofichwa na mzingo, wanapiga hesabu kwa kitu kilicho kilomita 20 wanapata mita 31 zimefichwa, halafu mpinzani anawaletea picha inayoonyesha zimefichwa 14 au 15 wanabaki wametoa macho. Kanuni ile ni ya jicho lililolala kwenye usawa wa maji! Ukiwa mita 2 juu, kinachofichwa kwenye kilomita 20 ni kama mita 17, na ukiingiza na hewa ya kawaida inavyopinda mwanga inashuka mpaka karibu 14. Kwahiyo ile picha ya mpinzani ilikuwa inakutetea wewe na hukujua.

Na hiyo hewa ndo adui wa hii kamera kuliko kitu kingine. Kwenye milimita 3000 huangalii tena kitu, unaangalia hewa iliyopo kati yako na kitu. Mchana wa jua kali picha inachemka yote, kingo zinacheza, na juu ya maji ya baridi mwanga unapinda kufuata mzingo wa dunia hadi vitu vilivyotakiwa kuwa vimejificha vinainuka. Ndo maana majengo ya Chicago huwa yanaonekana siku zingine kutoka ng'ambo ya ziwa Michigan, zaidi ya kilomita 80. Na sio shida ya leo. Mwaka 1838 Samuel Rowbotham aliingia kwenye mfereji wa Bedford kule Uingereza, jicho likiwa sentimita 20 tu juu ya maji, akaona boti hadi karibu kilomita 10 akatangaza dunia ni bapa. Mwanasayansi Alfred Russel Wallace alipokwenda palepale 1870 kwa dau la pauni 500 alipandisha kila kitu kama mita 4 juu ya maji kukwepa ile hewa ya chini, akaweka alama katikati, na alama ya katikati ikaonekana iko juu kuliko za mwisho, kama inavyotakiwa kwenye tufe. Mpinzani wake kwenye dau, John Hampden, mtu wa dunia bapa, alikataa matokeo akamsumbua Wallace kwa miaka. Hakukuwa na zumu ya mara 125 enzi hizo na bado kipimo chake kinaishinda video ya mtu aliyeweka P1000 kwenye mchanga, sababu jamaa alifikiria urefu wa kusimama. Kwahiyo nunua tripodi ndefu kabla ya kununua kitu kingine, na panda juu.

Sasa ile picha ninayoikubali mimi. Jua. Tafuta filta ya jua inayofunga kwenye lenzi ya milimita 77, na USIELEKEZE lenzi kwenye jua bila filta, unaua kamera. Weka zumu kwenye milimita 2000, maana kwenye 3000 jua linagusa juu na chini ya fremu, piga saa sita, piga saa tisa, piga likikaribia kuzama, zumu kwenye namba ileile kila mara. Pima upana kwa kulala, usipime kwa kusimama, sababu likiwa chini kabisa hewa inalibonyeza linakuwa kama yai. Upana hautabadilika, ni nusu nyuzi na kidogo asubuhi hadi jioni. Wanaosema jua liko kama kilomita 5000 juu yetu na linazunguka tu kwenda mbali, kwa hesabu yao wenyewe linatakiwa jioni liwe chini ya nusu ya ukubwa wa saa sita. Halafu linazama likiwa limekatwa chini, mzima mzima, halipungui likawa nukta. Hapa hakuna cha hewa wala cha mita ngapi juu ya maji, na ndo picha ambayo sijaona mtu akaijibu bila kubadilisha mada.

Zuhura nayo kwenye hii kamera inatoka na umbo la hilali kwa kipindi chake, miezi minne mikubwa ya Mshtarii unaiona, pete za Zohali unazikisia vizuri tu. Ila ukiona video ya nyota inayocheza kama puto la rangirangi wakisema ona nyota ilivyo kweli, hiyo ni fokasi haijakamata, weka fokasi ya mkono uipeleke mbali utaona inarudi kuwa nukta.

Ya kero sasa. Inakaribia kilo 1.4, betri ni kama picha 250 kwa chaji, beba za ziada. Sensa ni ndogo, na ukivuta mwisho lenzi inafunga kwenye f/8, yaani tundu dogo linaloingiza mwanga kidogo, hivyo jioni utalia na chenga. Kilichoniudhi zaidi ni GPS, P900 ilikuwa nayo ndani, hii mpaka uiunganishe na simu, na kwenye ubishi huu picha bila mahali ulipopigia na urefu uliosimama ni urembo tu. RAW, yaani faili la picha ghafi ambalo kamera haijalichakata, inayo, P900 haikuwa nayo, hiyo ni afadhali kwa mtu anayetaka kupima piseli.

Kama una P900 au P950 tayari baki nayo, kwa jua mara 83 zinatosha kabisa. Kuna na P1100 imetoka 2025 ila zumu ni ileile mara 125. Nampa P1000 nyota 4, ya tano imebaki kwenye GPS.