Kitabu cha bastola kwenye boksi la majini

Mimi ni mpishi wa mlimani. Wageni wanaopanda Kilimanjaro wakishuka huacha vitu: soksi, dawa za kichwa, chupa za maji, vitabu. Mwaka juzi mmoja aliniachia The Da Vinci Code ya Dan Brown pale geti la Mweka, kimevimba kwa unyevu kama andazi. Nikakisoma safari iliyofuata, ndani ya hema la jiko, tochi kichwani, viazi vikigoma kuiva kwa sababu ya mwinuko.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kikaongezewa na cha wageni, lakini nilikimaliza kabla hatujafika kambi ya Barafu. Hiyo ni sifa na naitoa bila kinyongo. Sura ni fupi fupi, na kila moja inakatika pale pale roho inapokuwa juu. Unajiambia "hii moja tu, nizime tochi", na huzimi. Mtunza makumbusho ya Louvre, Paris, anauawa usiku. Kabla ya kukata roho anaacha mafumbo. Profesa wa Kimarekani, Robert Langdon, anakimbizwa na polisi pamoja na mjukuu wa marehemu. Kila fumbo likifunguka linazaa jingine, mpaka wanaifikia siri ambayo Kanisa linadaiwa kuificha: kwamba Yesu alioa na akaacha kizazi. Kitabu kilitoka mwaka 2003, filamu ikafuata 2006.

Ugomvi wangu haukuwa na hadithi hiyo. Ulikuwa na boksi.

Karibu na stendi kuu hapa Moshi kuna mzee anauza vitabu vya mtumba. Wote tunamwita Meku. Hana rafu, ana maboksi, na ameyapanga kwa akili yake mwenyewe: la shule, la dini, la mapenzi, la bastola, na la majini. Kwenye bastola ndiko anakokaa mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, akipatikana, maana hakai siku mbili. Kwenye majini kuna majoka ya Kizungu, watoto wachawi, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Nilipomuuliza hiyo inafanya nini humo alinijibu kwamba kitabu ambacho ndugu wa mtu wanageuka manyani na kuchapwa kila usiku hakina boksi jingine.

Siku moja nikakuta nakala ya The Da Vinci Code imelala kwenye majini.

"Shikamoo, Meku. Hiki umekosea boksi."

"Marahaba, kijana. Sijakosea. Umekisoma?"

"Nimekisoma. Hakuna jini humo."

"Lipo. Linafundisha Harvard."

Nilicheka, lakini mzee alikuwa na hoja. Langdon ni profesa wa simbolojia, yaani elimu ya alama, somo ambalo Harvard hawana idara yake. Na mambo yote yale, Paris, kisha London, kisha Uskoti, yanabanwa ndani ya usiku mmoja na siku inayofuata, bila mtu kulala. Hapo mimi kama mpishi ndipo nilipoanza kulegea. Usiku wa kilele nawaona watu wazima wenye digrii tatu. Wanaondoka Barafu saa sita usiku, na wakifika Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, kuna mhandisi anashindwa kufunga zipu ya jaketi lake mwenyewe. Sawa, Paris haina mwinuko ule, lakini usingizi ni usingizi. Huyu Langdon kaamshwa baada ya usingizi wa saa moja tu, anafumbua mafumbo kama anamenya karanga. Na chooni anaingia kwa hila tu, si kwa haja, hilo nililitazama makusudi tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo sikukubali. Nilimwambia hiyo ni chumvi tu. Willy Gamba naye anaingia mahali penye maadui kibao, risasi zinamkwepa, na hatumpeleki kwenye majini. Kisha nikamtolea Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Jina lenyewe ni mzimu, maiti inakutwa mzimuni, na watu wako tayari kuamini wahenga wamefanya yao. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anawasha kiko chake, anauliza maswali, na mwuaji anaonekana kuwa ni mtu mwenye miguu miwili na sababu zake. Ukiwaza vizuri, riwaya ya upelelezi ndiyo inayofukuza majini. Ikianza na mzimu, inaishia na mtu. Fantasia, yaani hadithi za boksi la majini, haikuahidi hivyo: nyani ni nyani kweli, joka ni joka kweli, na wewe msomaji ulishakubali tangu mlangoni.

"Paukwa," Meku akasema.

"Pakawa," nikaitika.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mimi huwasimulia wageni kwamba kilele cha Mawenzi alikuwa akienda kila mara kuomba moto kwa ndugu yake Kibo, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi ana meno meno hadi leo. Hakuna mgeni aliyewahi kubishana nami kuhusu volkano. Wanajua tumo kwenye hadithi. Brown hapigi paukwa. Anafungua kwa ukurasa wenye kichwa kinachosema yafuatayo ni ukweli: kwamba Priory of Sion ni chama cha siri cha kweli kilichoanzishwa mwaka 1099, na kwamba maelezo yote ya sanaa, majengo, nyaraka na ibada za siri ni sahihi.

Basi tuanze kuhesabu. Chama chenyewe kiliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na bwana mmoja, Pierre Plantard, na nyaraka zake za "kale" zilikuwa za kughushi, zikapenyezwa kwenye maktaba ya taifa kule Paris miaka ya 1960. Kitabu kinasema piramidi la kioo la Louvre lina vioo 666 kamili, vipo 673. Mhusika mmoja anasema uungu wa Yesu ulipitishwa kwa kura kwenye mtaguso wa maaskofu wa Nikea, mwaka 325, tena kura za kukaribiana. Nikea walibishana kuhusu mafundisho ya padri Ario, na kati ya maaskofu wapatao 300, waliokataa kutia saini mwishoni ni wawili. Kukaribiana gani huko? Mama yangu ni WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliona filamu kwa jirani, akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Opus Dei, lile shirika la Kikatoliki, wana mmonaki anayeua watu. Nikamwambia Opus Dei hawana wamonaki kabisa, wa kuua wala wa kusali. Uso wake ulivyotulia, ndipo nilipomkasirikia Brown kidogo.

Na si mama peke yake. Mwaka 2006 wawili kati ya waandishi wa The Holy Blood and the Holy Grail, kitabu cha 1982 kilichojinadi kuwa utafiti, waliwashtaki wachapishaji wa Brown huko London kwamba kazi yao imeibwa. Walishindwa. Jaji, Peter Smith, akaficha fumbo lake ndani ya hukumu. Yaani hata jaji aliambukizwa.

Nikammwagia Meku yote hayo. Nikamwambia fantasia ni ya waungwana, inabisha hodi. Hiki kimeingia kwa kitambulisho bandia, kitoe kwenye majini.

"Ukurasa upi huo?" akauliza.

Nikadhani ananitania. Tukafungua nakala yake. Baada ya shukrani inakuja moja kwa moja sura ya mauaji, na katikati kuna ukingo wa karatasi iliyochanwa, mwembamba kama ukucha. Labda mtu alihitaji mahali pa kuandika namba ya simu. Wiki nne tulikuwa tunabishana juu ya vitabu viwili.

Kesho yake nikamletea changu. Alisoma ukurasa ule amesimama, miwani puani, mara mbili.

"Anasema kweli huyu?"

"Anasema kwamba anasema kweli."

Akakigeuza geuza. "Hiki nakuchukulia kwa elfu mbili."

"Na hicho chako?"

"Elfu sita."

"Meku! Chako si kimepungua ukurasa?"

"Ndiyo maana."

Nikalipa.