Rufaa ya moja kwa moja kwa wagonjwa wa saratani ya damu: fomu ni nzuri, simu ndiyo inayoangusha

Kumpa mgonjwa kikaratasi chenye namba ya shirika la hisani si kumpa rufaa. Tunalisema mapema kwa sababu kliniki nyingi huandika kwenye faili "amepewa taarifa za msaada", zikahesabu kazi imekwisha. Tunachokipima hapa ni huduma ya aina nyingine: muuguzi au daktari anajaza fomu fupi kwa ridhaa ya mgonjwa, na shirika ndilo linalompigia mgonjwa simu. Kwa saratani ya damu, huduma hii inakishinda kikaratasi kwa mbali. Ina udhaifu mmoja mkubwa, nao uko kati ya fomu kutumwa na simu kupokelewa.

Ubora wake unaonekana ukiangalia ugonjwa wenyewe unavyokuja. Aliyegundulika na lukemia kali (saratani ya damu inayokwenda kasi) anaweza kulazwa siku hiyo hiyo na kuanza dawa ndani ya siku chache. Mtu wa hali hiyo hana muda wala nguvu za kupiga simu na kuanza kujieleza upya kwa mgeni. Kikaratasi hubaki mkobani pamoja na risiti za maabara. Tena huchakaa: shirika la Uingereza lililoitwa Bloodwise limekuwa Blood Cancer UK tangu 2020, Lymphoma Association ikageuka Lymphoma Action 2018, na The Leukemia & Lymphoma Society ya Marekani ikachukua jina la Blood Cancer United 2025. Kagua rafu ya vipeperushi kwenye wodi yako uone ni vingapi bado vina majina ya zamani.

Fomu nzuri haizidi ukurasa mmoja na haichukui hata dakika 10. Jina, umri, namba ya simu, lugha anayoielewa vizuri, aina ya ugonjwa, hatua ya matibabu aliyofikia, anachohitaji, jina na namba ya anayetoa rufaa. Hayo yanatosha. Ripoti ya uboho na majibu ya damu hayana kazi pale, isipokuwa ombi linahusu dawa. Kisanduku kimoja tu ndicho tunachoking'ang'ania, na fomu nyingi hazina: "Mgonjwa anajua nini kuhusu ugonjwa wake?" Wapo walioambiwa wana "tatizo la damu" na neno saratani halijawahi kutamkwa mbele yao, mara nyingi kwa kuombwa na familia. Mtoa huduma akipiga simu na kujitambulisha kuwa anatoka shirika la saratani, ndiye anayekuwa wa kwanza kumpasha habari hiyo. Hapo madhara yameshatokea, wala kuomba radhi hakuyafuti.

Tofauti ya fomu hai na fomu mfu iko kwenye sentensi mbili tatu za maelezo. Mfu husema: "Mgonjwa wa damu, anahitaji msaada." Hai, ya mgonjwa wa mieloma (saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho), husema: "Mieloma, mzunguko wa pili wa dawa, anajua ugonjwa wake. Simu ni ya binti yake, naye ameridhia. Apigiwe baada ya saa 10 jioni. Shida kubwa ni nauli ya kliniki kila wiki. Usingizi pia haupati." Anayeisoma anajua ampigie nani, lini, na aanze na lipi.

Ridhaa isiwe alama ya vema iliyowekwa kwa niaba ya mgonjwa. Maneno ya kawaida yanatosha: "Kuna shirika linalosaidia watu wenye ugonjwa kama wako. Ukikubali, nitawapa jina na namba yako, nao watakupigia. Usipotaka, matibabu yako yanaendelea vile vile." Sentensi ya mwisho ndiyo inayoachwa sana, na ndiyo yenye uzito, kwa sababu wengi hukubali wakiogopa kumuudhi daktari. Uliza tena baadaye. Siku ya kupewa majibu mtu husikia neno moja tu, na aliyekataa siku ile huweza kukubali kwenye ziara ya pili au ya tatu akiulizwa kwa utulivu.

Sasa simu. Hapa ndipo tunapoikata huduma alama. Mashirika mengine hupiga kwa namba iliyofichwa, na mgonjwa, kama mtu yeyote mwenye akili zake, hapokei. Wakijaribu mara mbili wanafunga faili. Dawa yake ni rahisi: shirika litume ujumbe mfupi kwanza likitaja saa litakayopiga, na anayetoa rufaa amwonyeshe mgonjwa namba itakayotokea. Tatizo la pili ni ujumbe wa sauti unaotaja ugonjwa kwenye simu ya nyumba nzima. Fomu iulize kama ni salama kuacha ujumbe. La tatu ni namba iliyokosewa tarakimu moja. Mpigie mgonjwa akiwa bado mbele yako uone kama simu yake inaita.

Kundi linalosahaulika kupita yote ni wasiotibiwa. Wenye lukemia sugu ya aina ya CLL, na wenye limfoma (saratani ya mfumo wa tezi za limfu) zinazokwenda polepole, huenda wakaishi miaka mingi chini ya uangalizi bila dawa. Kliniki huwaona mara chache, na kwa kuwa hakuna dripu wala kidonge, hakuna anayekumbuka fomu. Kumbe hao ndio wanaolala na swali la kwa nini waambiwe wana saratani kisha warudishwe nyumbani mikono mitupu. Wapewe rufaa siku uangalizi unapoanza. Wengine wa kukumbukwa ni waliotoka kupandikizwa uboho, ambao hutakiwa kukaa karibu na hospitali kwa wiki nyingi na hivyo gharama ya malazi huwabana kuliko ya dawa. Na wazazi wa watoto wenye lukemia ya ALL (aina ya lukemia kali), kwa kuwa matibabu yake huchukua miaka 2 hadi 3 na ajira nyingi hazivumilii muda huo.

Nyuma ya simu kuna huduma zisizolingana ubora. Mazungumzo na muuguzi anayeijua saratani ya damu ndiyo bora kuliko zote: hana haraka, na anaweza kufafanua barua ya daktari neno kwa neno. Kukutanishwa na aliyepitia ugonjwa ule ule ni kuzuri pale shirika linapolinganisha aina ya ugonjwa. Mwenye mieloma na aliyepona limfoma ya Hodgkin wana machache ya kuambiana. Ruzuku ya fedha ndiyo inayoombwa sana na ndiyo inayokwama sana. Huhitaji barua ya hospitali yenye tarehe, muhuri na saini, pamoja na uthibitisho wa kipato, na mfuko huweza kwisha kabla ya mwaka kwisha. Ambatisha barua siku ile ile ya rufaa. Ukisubiri shirika liiombe, mgonjwa atapanga foleni upya kwa ajili ya karatasi moja.

Dawa ni habari nyingine kabisa. Mfano unaofahamika ni wa lukemia ya CML (aina nyingine ya lukemia sugu): tangu 2002, shirika la hisani The Max Foundation na kampuni ya dawa Novartis waliendesha mpango wa kuwapa imatinib, kidonge cha kutibu CML, bure wagonjwa wasioweza kuinunua katika nchi nyingi. Mgonjwa hakujiandikisha mwenyewe. Daktari ndiye aliyemwandikisha, akiwa na kipimo kinachothibitisha ugonjwa. Rufaa za namna hii ziandaliwe hivyo: jibu la BCR-ABL (kipimo cha jeni kinachothibitisha CML) kwanza, fomu baadaye, kwani hesabu ya juu ya seli nyeupe peke yake haithibitishi CML. Kisha panga nani atafuatilia, maana dawa ni ya kila siku na kipimo cha PCR, kinachoonyesha ugonjwa uliobaki ni kiasi gani, hurudiwa kila miezi 3 mwanzoni. Mgonjwa asiyerudi kupimwa anaweza kuendelea kumeza dawa iliyokwisha kushindwa.

Mpaka mmoja uandikwe wazi kwenye karatasi anayobaki nayo mgonjwa: aliye kwenye dawa za saratani akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, au akivuja damu, apige namba ya dharura ya wodi. Asisubiri shirika lifungue ofisi. Namba ya wodi na ya shirika ziwe kwenye karatasi moja, ya wodi juu, kwa wino mzito.

Alama zetu: fomu 4 kati ya 5, simu 2, mazungumzo na muuguzi 5, ruzuku 3. Simu ingepanda hadi 4 kwa jambo moja tu ambalo mashirika mengi hayafanyi, yaani kumrudishia aliyetoa rufaa mstari mmoja: amepatikana, hakupatikana, amekataa. Mahali lisipokuwepo, kliniki iweke daftari lenye safu nne, yaani jina, tarehe ya fomu, tarehe ya kumuuliza mgonjwa kama amepigiwa, na jibu lake. Siku 10 baada ya kutuma ni wakati mzuri wa kuuliza.