Manyani ya Adili au kiko cha Bwana Msa?

Siku hizi umeme wa mtaani kwetu hapa Goma ni wa kubahatisha, kwa hiyo riwaya mbili nimezimaliza kwa tochi ya simu. Moja ya majini, nyingine ya upelelezi.

Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anatuonyesha mtu mwema anayelazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku, ingawa moyo unamuuma. Kwa nini? Hapo ndipo aliponikamata. Manyani ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini. (Samahani, nimekumegea utamu, ila majina yenyewe yashasema!) Kiswahili chake kinanyooka kama hotuba. Sisi tuliozoea kuchanganya na Kifaransa, kuna maneno niliyarudia mara tatu.

Mzimu wa Watu wa Kale (1960) wa Muhammed Said Abdulla una mwendo mwingine. Maiti iko mzimuni, na Bwana Msa, mpelelezi wa Zanzibar, kiko mdomoni, hahangaiki na mashetani: anauliza watu maswali. Mazungumzo yanakimbia.

Kwangu Msa ameshinda, kwa usiku mmoja tu. Ukishamjua muuaji, kitabu kimekwisha. Adili nimeshamrudia.

Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) ana tabia ya kuanzia ukurasa wa mwisho. Kwa Adili haikumdhuru. Leo ameshika Mzimu, nami nimezibana kurasa za mwisho kwa kibanio cha nguo.