Meli ndogo za vita vya majini: ununue zipi ukiwa Kigoma

Mtu akiniuliza anunue meli ndogo zipi za kuchezea vita vya majini mezani, nami humuuliza anataka kupigana vita vipi. Mimi nilianza kinyume. Niliagiza meli za madini za skeli ya 1/2400, yaani ndogo mara 2400 kuliko meli halisi, kwa sababu ni nyepesi kusafirisha, zikapita Dar, zikafika hapa Kigoma salama. Nilipotaka kuziongezea vita vya ziwa letu vya mwaka 1915 ndipo nikachukua rula. Boti ziitwazo Mimi na Toutou, zile mbili ambazo Waingereza walizivusha Kongo, zina kama mita 12 tu. Kwa skeli ile ni milimita 5, yaani punje ya mchele. Huwezi kuipaka rangi, na ukipiga chafya imepotea.

Kwa mtu wa Kigoma, basi, nafasi ya kwanza naipa 1/600 ya resini iliyochapwa kwa printa ya 3D. Sentimita 1 ya mezani ni mita 6 ziwani. Graf von Goetzen, meli ya Wajerumani ya mita 71 ambayo sisi tunaiita Liemba, inakuja sentimita 12, na boti Mimi sentimita 2. Ukiziweka pamoja unaelewa papo hapo kwa nini Spicer-Simson, kamanda wa Waingereza, hakutaka kuisogelea Goetzen. Faili la meli unalopata likiwa la 1/1200, mwambie mchapaji alikuze kwa asilimia 200. La 1/700 asilimia 117.

Kabla ya kulipa, omba picha ya ubavu wa meli ikiwa imepigwa mwanga wa pembeni. Mistari ya tabaka ikionekana kama ngazi, kataa. Ikifika inanata vidoleni, resini haijaiva: vaa glavu, ioshe kwa spiriti, ianike juani. Milingoti ya resini mimi huikata yote siku ya kwanza na kuweka waya mwembamba wa shaba, maana mzigo wangu mmoja ulifika na milingoti sita imevunjika na muuzaji hakujibu tena.

Wengi huogopa 1/600 wakidhani meza haitatosha. Hesabu inasema vingine. Goetzen ilifungwa mzinga wa kipenyo cha sentimita 10.5 uliookolewa kwenye manowari Königsberg baada ya kuzamia Rufiji Julai 1915, na mzinga huo ulifika zaidi ya kilomita 12. Kwa 1/600 hiyo ni mita 20. Kwa 1/2400 bado ni mita 5, imeshatoka sebuleni. Umbali wa mizinga hufupishwa na kanuni za mchezo kwa skeli yoyote ile, kwa hiyo chagua meli inayopendeza macho.

Ya pili ni ya kuchonga mwenyewe, na nasema hivi kwa dhati. Soli ya ndala iliyochakaa inakatika kwa wembe na inachukua rangi ukiipaka gundi ya mbao kwanza. Mbao laini ni nzuri zaidi. Niliwahi kumwonyesha fundi mitumbwi wa Ujiji ganda nililolichonga. Akalishika kwa vidole viwili, akaliweka usawa wa jicho. “Mdogo wangu, omo umepata, lakini tezi yako nene mno, hii haitembei.” Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Nilipiga msasa jioni nzima, na kweli ikabadilika.

Ya tatu ni zile za madini, 1/2400 au 1/3000. Ukitaka vita vya Jutland vya 1916 kati ya Waingereza na Wajerumani, vyenye meli kama 250, hakuna njia nyingine. Manowari kubwa ya Japani, Yamato, yenye mita 263, inakuwa sentimita 11 tu kwa 1/2400. Ondoa mabaki ya kalibu kwa tupa ndogo, osha kwa sabuni, na nawa mikono kabla ya kula: za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Watoto wasizishike.

Za plastiki za 1/700 ni nzuri sana kabatini, ila zina vipande vingi na nyingi ni za Vita Kuu ya Pili; ukizisukuma mezani kila wiki zitakatika. Za mwisho kwangu ni za 1/1800 zilizokuja zimeshapakwa. Zinafaa asiye na muda wa brashi, lakini utamu wa kupaka umeuuza.

Kwenye rangi usibane fedha sana. Rangi ya akriliki ya maji, brashi mbili nzuri, basi. Rangi ya kwanza ya kupuliza ya duka la magari inatosha, lakini kuanzia Novemba hadi Aprili usipulize siku ya mvua, itakauka na ukungu mweupe. Subiri saa sita mchana, jua likitoka. Baada ya kijivu, zimua rangi nyeusi mpaka iwe kama chai ya rangi, iachie ijae kwenye mifereji ya sitaha, kisha futa juu kwa kitambaa. Ikikauka, chukua brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe na ipitishe kwenye kingo tu. Hapo dohani na mizinga vinajitokeza.

Agizo la kwanza liwe la meli nne: Mimi na Toutou za Waingereza, Kingani na Hedwig von Wissmann za Wajerumani. Mzinga wa Kingani uwe omo, kwani ulipiga mbele tu, ndiyo maana ilifuatwa kwa nyuma tarehe 26 Desemba 1915 na kutekwa. Usiigundishe bendera yake: Waingereza waliibadili jina ikawa Fifi, na Februari 1916 ndiyo iliyoizamisha Hedwig. Goetzen haikupigana nazo hata mara moja. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, mitambo imepakwa grisi. Hiyo agiza mwezi unaofuata.