Sindano ya mgongo na ganzi ya nyuma ya goti, mguu mmoja nimepigwa zote mbili

Mguu wangu wa kulia umefanyiwa operesheni mbili hapa Tanga, ya kwanza kuwekewa vyuma kwenye kifundo baada ya bodaboda kunigonga nikiwa kwenye baiskeli maeneo ya Makorora, ya pili mwaka mmoja na nusu baadae kuvitoa. Zote mbili sikupigwa kaputi, nilikuwa macho. Ila ganzi ilikuwa tofauti, mara ya kwanza sindano ya mgongo, mara ya pili ganzi ya mguu mmoja tu, wanachoma nyuma ya goti. Watu wananiuliza ipi haiumi. Jamani thietani zote mbili hazikuniuma, tofauti nimeiona usiku wodini na siku zilizofuata, na huko ndo hakuna anayekuhadithia.

Nianze na ya mgongo. Mama mkubwa alikuja hadi wodini kunikataza, usikubali mwanangu utapooza, na mi nikaogopa kweli. Daktari wa usingizi akakaa kitandani kwangu akanielewesha kwamba uti wenyewe, ile kamba ya fahamu iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, unaishia juu kidogo ya pale wanapochoma, chini yake kuna maji na mishipa ya fahamu inaning'inia humo, kwa hiyo sindano haiingii kwenye uti. Nikasaini. Unakaa pembeni ya kitanda, unakumbatia mto, kidevu kifuani, mgongo unautoa nje, nesi amekushika mabega anakwambia kaka tulia usiruke. Spiriti ya baridi, mchomo mdogo, kisha unahisi kama mtu anakubonyeza kwa kidole, basi. Joto likashuka kutoka makalioni hadi nyayoni na dakika tano hazijaisha miguu yote miwili haipo. Nesi akauinua mguu wangu kuupaka dawa, nikauona uko juu kabisa ameushika, wakati mwenyewe nahisi bado umelala kitandani umenyooka. Hicho sitakisahau.

Presha ilishuka, nikaona kizunguzungu na kichefuchefu, wakaongeza dripu na dawa nyingine nikarudi sawa, baadae nikatetemeka sana ila si kwa baridi tu, ni kawaida ya ganzi hiyo. Saa 4 asubuhi nilichomwa, saa 7 mchana vidole vikaanza kucheza na maumivu nayo yakaja taratibu, kwa hiyo nesi aliwahi kunipa dawa kabla hayajakuwa makubwa. Shida ilikuwa mkojo, mpaka saa 2 usiku umegoma, wakaniwekea mpira.

Siku ya pili ndo balaa. Nikikaa kichwa kinapasuka, kuanzia kisogoni mpaka shingo, nikilala chali kinaisha, yaani kama swichi. Hospitali hiyo hakuna aliyekuwa ameniambia kitu kama hicho kinaweza kutokea na hilo mpaka leo linaniuma, maana niliruhusiwa nikaenda nyumbani nikadhani malaria, nikapima, hamna. Kumbe sindano inaacha tundu dogo, maji ya uti yanavuja, ukikaa ubongo unakosa yale maji ya kuushikilia. Nimekuja kusoma kwamba hata yule daktari wa Kijerumani August Bier, aliyeanzisha sindano hii 1898, alijaribiwa mwenyewe akaugua kichwa hicho hicho. Sindano nyembamba zenye ncha butu zinapunguza, vijana ndo inawapata zaidi kuliko wazee. Mi nililala, nikanywa maji, jirani akawa ananiletea kahawa chungu ya kijiweni ambayo kweli inasaidia kidogo, baada ya wiki kikaisha. Kikikataa wanachukua damu yako mwenyewe mkononi wanaichoma mgongoni pale pale inaziba tundu.

Mara ya pili ilikuwa hospitali nyingine na daktari akasema kazi yenyewe ni kifundo tu, kwa nini niue miguu miwili. Akaleta altrasaundi, ile ile ya wajawazito, akanionyesha mshipa mkubwa wa fahamu nyuma ya goti, kwenye skrini unaonekana kama sega la nyuki, na dawa ilivyoingia nikaiona nyeusi inauzunguka mshipa pembeni. Akachoma na mchomo mwingine upande wa ndani wa mguu maana kule kuna mshipa wake peke yake. Hii inachelewa, ilifika nusu saa ndo ikashika vizuri. Ila presha haikuguswa, mkojo wangu mwenyewe, mchana huo huo nikala wali na nikaenda chooni kwa magongo. Unyayo tu ndo ulikuwa unaning'inia hauinuki, wakanionya nisiukanyagie na nisiuweke karibu na maji ya moto.

Sasa hapa nilikosea. Daktari aliniambia saa 4 usiku meza dawa za maumivu hata kama husikii kitu. Sikusikia kitu, nikalala sikumeza. Saa 9 usiku ganzi ikaachia kwa mkupuo, kutoka sifuri mpaka kuuma unatamani mguu ukatwe, nikang'ata shuka mpaka alfajiri, kidonge nilichomeza muda huo kilichukua karibu saa nzima kufanya kazi.

Na hii haifai kila operesheni. Ile ya goti au nyonga, au wakitaka kukufunga mkanda wa kubana damu kwenye paja, ganzi ya nyuma ya goti haifiki huko, mgongo bado ndo wenyewe na msiuogope. Na mguu uliovunjika leo, umevimba, kuna madaktari wanasita kuupa ganzi ndefu kwa sababu maumivu makali ndo yanawashtua kwamba damu imeshindwa kupita ndani.

Kwa kifundo au unyayo mimi nachagua goti. Lakini kabla hujasaini muulize daktari wa usingizi itaisha saa ngapi na ikiisha nimeze nini, mwambie akuandikie. Mdogo wangu naye anatolewa vyuma mwezi ujao, nimeshamwekea alamu ya saa 4 usiku kwenye simu yake.